Zuhura Anatoka Leo

Msichana aliyepokea simu hakunijua, nami sikumjua. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, hapa nyumbani kwangu Kisarawe mjini, chai imepoa mezani, na habari kwamba Dada Felista ametangulia na tunamzika alasiri ile ilikuwa bado haijapata mahali pa kukaa kichwani mwangu. Nikamwambia nataka shada, na lifike leo. Akaniuliza kwa heshima zote, kama anavyofundishwa kila anayeshika simu ya duka lile, kabla ya jina na kabla ya mahali: "La furaha au la msiba, mama?" Nikacheka. Nilicheka mpaka mume wangu akaacha kumwagilia mchicha, akaja kuchungulia dirishani akidhani uchungu umenivuruga. Nikamwambia yule msichana nitampigia tena, nikakata simu, nikalia vizuri, halafu nikacheka tena. Mwenye duka hayupo duniani, na swali lake bado linaulizwa. Watoto wale hawajui lilikotoka. Mimi ninajua, maana siku lilipozaliwa nilikuwa juu ya pikipiki nimelikumbatia shada lenyewe.

Habari za kwetu na nilivyofika Kibaha nitaziacha. Kila mtu ana kwao, na kwetu hakuna maajabu. Itoshe kusema nilikuwa binti wa ishirini na kitu, mtu wa bara, mwenye mdomo mrefu kuliko akili, na nilipata kazi kwenye fremu moja Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa mwanamke mrefu mkavu kutoka Makambako aliyeitwa Felista. Mbele palikuwa duka, nyuma ya pazia palikuwa chumba chetu sote wawili: vitanda viwili, jiko la mkaa, na ndoo za maua zilizokosa nafasi mbele. Tulipika dagaa na kula katikati ya waridi. Mpaka leo nikisikia harufu ya waridi ninatamani ugali. Maua yalitoka Arusha kwa basi, ndani ya maboksi yaliyofungwa kwa kamba, na utingo aliyateremsha alfajiri kwa mkono mmoja kama anateremsha viatu. Felista alimgombeza kila siku kwa maneno yaleyale, naye kila siku akajibu, "Samahani, mama wa maua," kisha akarusha boksi la pili. Tukayakata mashina, tukayatia majini, tukayafunika magunia yaliyoloweshwa, na jua lilipokuwa likichomoza juu ya paa la mashine ya kusaga, duka lilikuwa tayari. Wateja ndio hawakuwa tayari.

Bango letu liliandikwa kwa rangi nyekundu: MAUA YA ASILI. LEO KWA LEO. Maana yake, ukipiga simu asubuhi, maua yanakufikia siku ileile, uwe Mlandizi, uwe Magindu kwa wafugaji, uwe popote pikipiki inapofika. Watu wa pale walilisoma bango wakacheka. Jirani yetu, ambaye wote tulimwita Mama Mapambo, alikodisha maua ya plastiki kwa maharusi. Kila Jumatatu aliyafua kwa sabuni ya unga, akayaanika kwenye kamba pamoja na soksi za mumewe. Huyo alikuwa na la kusema kila tulipopita na ndoo. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Felista siku moja, akikung'uta waridi zake zisizokufa. Felista hakugeuka. "Na yangu yatajitembeza, jirani. Yana uhai." Mama Mapambo akanigeukia mimi. "Mwambie tajiri wako, maua ya siku mbili nani atayanunua huku? Mbuzi?" Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo, ila Felista alinikanyaga mguu.

Kilichonitia hofu si jirani. Ni kaka yake Felista, Kaka Gaspa, mwenye fremu. Alikuja siku ya mwisho wa masika, akakaa kwenye kitanda changu, nami nikawa mbele nafuta majani ambayo hayakuhitaji kufutwa. Pazia halizuii maneno. "Mdogo wangu, nimekupa fremu kwa undugu," alisema. "Krismasi ikinikuta hapa na wewe bado unanyunyizia maji maua yasiyo na mtu, mimi naweka saruji na misumari. Misumari hainyauki." Felista akauliza kama anataka chai. Akaitengeneza, akamwekea tangawizi, na baada ya kaka kuondoka alikuja mbele akaanza kufunga utepe kwenye fungu ambalo hakuna aliyeliagiza. Hapo nikajua kwamba kwa mwanamke yule hili halikuwa duka tu. Aliacha kazi ya ofisini kwa ajili yake, watu wakamwita mwendawazimu, na misumari ya Kaka Gaspa ingekuwa ushahidi wao. Mimi nami, kama duka lingefungwa, sikuwa na pa kwenda, na nilikuwa nimeshayapenda mambo ya pale kwa ukaidi wangu wote.

Mwaka ule vuli haikuja. Visima vilishuka, mikorosho ikasimama kwa tabu, na kila uani palipokuwa na asumini pakabaki vijiti. Simu ikaita asubuhi moja wakati Felista ana waya mdomoni, kwa hiyo akaibonyeza sauti ya wazi na kuiweka mezani. Nilisikia kila neno. Alikuwa bibi mmoja, Bi Mwanahawa, kutoka vijiji vya Marui, Kisarawe ndanindani, na alitupigia akiwa amepanda juu ya kichuguu maana ndiko mtandao ulikopatikana. Mpwa wake alipita Visiga akaona bango.

"Mwanangu, mnayo maua ya kweli, si ya nailoni?"

"Tunayo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka shada. Zuhura wangu anatoka leo, mjukuu wangu. Lifike kabla hajatolewa nje, baada ya adhuhuri."

Felista akatoa waya mdomoni. "Pole sana, bibi."

"Ahsante, mwanangu. Ndiyo kazi zetu hizi watu wazima."

"Alikuwa mtoto mdogo?"

"Mdogo wapi! Ishirini na mbili huyo. Basi tu, amekaa ndani siku nyingi, hajaona jua. Sasa siku yake imefika."

Felista akanitazama, macho yamemjaa. "Amepumzika, bibi."

"Amepumzika hasa. Hata kijiko hakuosha."

Nakumbuka lile la kijiko lilinishtua kidogo, lakini nikajiambia wazee wana namna zao za kubeba uchungu. Felista aliagana na bibi kwa sauti ya kanisani, akavuta duara la fito, na akatengeneza shada zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Alilizungushia yale maua meupe ya mashina marefu, yenye harufu tamu inayojaza nyumba, tuliyoyaona ghali mno kuyagusa bure. Akachomeka waridi nyeupe katikati. Utepe ukawa wa zambarau, na juu yake akaandika kwa rangi ya fedha: Pumzika kwa Amani, Zuhura. "Maskini binti wa watu," alisema. "Umri wako, Sabina. Nenda nalo mwenyewe. Usimwachie dereva peke yake, utoe na rambirambi."

Wakati huo bodaboda hazijawa nyingi kama sasa. Tulikuwa na Shomari, mwenyeji wa Mlandizi, mwanamume wa makamo aliyekuwa na pikipiki yake na mizaha yake. Siku hiyo hakufanya mzaha, kwa kuwa alibeba msiba. Mlandizi tukaiacha lami, tukashika njia ya Mzenga, shada limefunikwa kanga mbichi mapajani mwangu, na mimi nimejitanda nyingine nyeusi. Vumbi lilikuwa la kula kwa kijiko. Kila mara nilimgonga Shomari mgongoni asimame, nikayanyunyizia maua maji ya chupa, tukaondoka. Tulipovuka reli nilianza kuuandaa uso. Nina uso wa kucheka, hiyo ndiyo dosari yake, na kuufanya wa kilio kunahitaji mazoezi. Nilipoingia Marui ulikuwa tayari, midomo imeshuka, macho mazito. Ndipo Shomari alipozima pikipiki kwenye mikorosho, kabla ya mji wa Bi Mwanahawa, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Dada Sabina. Marehemu ni nani vile?"

"Zuhura."

"Sasa huyo marehemu mbona wanamwimbia akaolewe?"

Nikasikiliza. Ngoma ilikuwa inapigwa ya kukata kiuno, na vigelegele juu yake. Shomari akaniomba nimweleze bibi alisemaje kwenye simu, neno kwa neno. Nikamweleza: amekaa ndani siku nyingi, anatoka leo, kabla hajatolewa nje. Akavua kofia yake ya pikipiki, akakaa chini kwenye majani makavu, akashika kichwa.

"Dada, huyo ni mwali. Kukaa ndani ni kufundwa. Kutoka ni kutolewa, achezwe, wakwe wamwone. Huku kwetu Uzaramo mtoto wa mtu hatoki hivihivi."

"Na shada?"

"Shada ni maua ya kutunga. Ya shingoni na kichwani. Wewe umeleta la kaburini."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezaa, nimeuguza, nimezika, na bado sijawahi kuogopa kama pale. Lile duara likionekana tu na wakwe, basi. Zuhura akiumwa kichwa mwakani, watasema ni lile shada. Mtoto akichelewa, ni lile shada. Lingemfuata mpaka uzeeni. Na sisi? Nani angempigia simu Felista tena kutoka pwani yote hii? Kaka Gaspa asingengoja hata Krismasi. Shomari akasema tugeuze tukimbie, tuseme pikipiki iliharibika. Hapo ndipo hasira yangu, ambayo imenikosanisha na watu wengi, iliponifaa. Nilimwambia bango halikuandikwa leo kwa kesho. Nikang'oa utepe, nikausokomeza kifuani, nikamwambia achukue kisu chake ayachomoe maua yote moja moja, asivunje hata moja, nami nikavua kanga nyeusi, nikaupa uso wangu ruhusa ya kurudi ulivyozaliwa, nikaenda kwenye nyumba.

Bi Mwanahawa alikuwa jikoni uani, mwanamke mfupi mwenye kanga mpya isiyofuliwa, akisimamia vyungu vya wali na kuku kwa ulimi zaidi kuliko kwa mwiko. Harufu ya nazi ilinikumbusha kwamba sijala. "Shikamoo, bibi. Natoka Visiga."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wa maua wewe? Wakwe washafika. Shada langu liko wapi?"

"Limekuja, bibi. Limekuja halijatungwa. Yakitungwa mapema yananyauka njiani. Naomba sindano na uzi mweupe, na ungo."

Akanitazama kwa muda. Watu wazima wa kule hawadanganyiki, wanakubali tu. Alichukua ungo mwenyewe, akachukua sindano, akasema tuongozane, na sikuwa na namna ya kumzuia. Tulipofika kwenye mikorosho, Shomari amepiga magoti katikati ya maua, duara la fito liko tupu pembeni, na utepe wangu wa zambarau umechungulia shingoni mwa gauni. Bi Mwanahawa akauvuta kwa vidole viwili mpaka ukaisha. Alikuwa anajua kusoma. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Pumzika kwa Amani, Zuhura." Nilisikia ngoma kule uani.

"Mwanangu," akasema, "nani kakwambia Zuhura kafa?"

"Tulikosea, bibi. Sisi kwetu shada ni la msiba. Tukasikia anatoka."

Halafu nikaona mabega yake yanaanza kutikisika. "Ndiyo maana yule mwenzio aliniambia pole!" Akakaa chini, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. "Nami nikamjibu! Nikamwambia hata kijiko hakuosha!" Alicheka mpaka machozi, na Shomari akacheka, na mimi nikalia, sijui kwa nini, maana hatari ilikuwa imepita. Alipojifuta uso alikuwa mtu mwingine, mkali. "Hili linaishia hapa. Mimi, wewe, na huyu. Si mama yake, si kungwi, si mume wangu." Akaliokota lile duara la fito, akaligeuza, akalipima kichwani mwake. "Na hii nitafanya ngata ya kubebea ndoo. Mti hauna kosa."

Basi tukatunga. Mimi nilijua waya na sifongo, uzi sikuujua. Bi Mwanahawa alinionyesha namna ya kupitisha sindano kwenye shingo ya ua bila kulichana, ua likiangalia kulia, lingine kushoto, na vidole vyake vilikwenda haraka hata sikuviona. Shomari akafunga vifundo. Tukaongeza mrehani uliokuwa umeponea kwenye kopo karibu na mtungi, tukatawanya petali za waridi kwenye ungo. Walipomtoa Zuhura nje amefunikwa, akiwa ameinama, na kungwi wake akaifunua ile kanga, shada lilikuwa shingoni limeshuka mpaka kifuani, na jingine kichwani. Harufu ikatutangulia sote. Tulikuwa tumekaa miezi mingi kwenye vumbi tupu, na ghafla uwanja mzima ukanukia kama mvua imenyesha mahali. Ngoma ikapotea kidogo, halafu ikarudi kwa nguvu. Mama mkwe, mwanamke mzito aliyefika na uso wa kukagua, akasogea, akainama shingoni mwa mkwewe, akavuta pumzi. "Ukame huu," akauliza, "maua haya mmeyapata wapi?"

Bi Mwanahawa alikuwa akiingojea hiyo. Akapaza sauti iwafikie mpaka walioketi mwisho wa mkeka. "Tumeagiza asubuhi, yamefika mchana. Visiga. Kwetu mwali hatoki na nailoni."

Shomari alilazimika kuitaja namba ya duka kwa kelele, mara nyingi, huku watu wakiiandika kwenye simu, kwenye viganja, na mmoja kwenye ukuta wa nyumba kwa mkaa. Mimi nilipewa sahani ya wali, na baada ya sahani nikavutwa ngomani. Nilicheza ngoma nisiyoijua, mbele ya watu nisiowajua, nikiwa na utepe wa marehemu kifuani, na sijawahi kuwa na furaha kama ile hata siku ya harusi yangu. Mume wangu anajua, nimeshamwambia.

Tulirudi Visiga jua likiwa bado lipo. Felista alikuwa amevaa kitenge cheusi kwa heshima ya marehemu na ametupikia uji. "Wamelia sana?" akauliza. Nikamwekea utepe mkononi, nikamsimulia. Akakaa juu ya ndoo. Hakucheka upesi kama Bi Mwanahawa. Uso ulimbadilika rangi, akawa anaupitishapitisha utepe kwenye vidole. "Umemwokoa binti wa watu," akasema mwishoni. "Nimeokoa wapi, dada. Maua yako ndiyo yaliyonukia." Ndipo alipocheka, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia, hata Mama Mapambo akaja kuuliza kuna nini, tukamwambia hakuna. Felista akaufunga utepe kwenye msumari juu ya simu. Kuanzia siku ile, kila aliyepiga aliulizwa kwanza: la furaha au la msiba?

Na walipiga. Walipiga kutoka Marui, kutoka Maneromango, kutoka Mlandizi kwa watu walioalikwa Marui. Maboksi ya Arusha yaliongezeka hata yule utingo akaanza kuyashusha kwa mikono miwili. Wiki ya Krismasi Kaka Gaspa alifika na futi yake ya kupimia, aone rafu za misumari zitakaa wapi. Hakupata pa kupita mlangoni. Felista, bila kuinua macho, akamkabidhi ndoo mbili akajaze maji, na mzee wa watu akaenda, futi mfukoni, akarudi, akaenda tena mpaka jioni. Hakutaja saruji tena. Siku mbili baadaye Mama Mapambo aliingia kwa mlango wa nyuma, akajifunika kanga, akaninong'oneza kwamba binti yake anaolewa na anataka waridi za kweli. Nilikuwa nimeyahifadhi majibu yangu yote ya mwaka mzima kwa ajili ya saa ile. Nikamtazama, nikamwuliza moja tu: "Ngapi, mama?" Furaha yake ilikuwa kubwa mno, na yangu ilikuwa kubwa zaidi.

Basi nilipomaliza kulia na kucheka ukingoni mwa kitanda, nilipiga tena. Msichana akauliza tena, kwa subira ileile. "La furaha, mwanangu," nikamwambia. "Msilifanyie duara. Yale meupe yenye harufu, myatunge kwa uzi, ua moja liangalie kulia, lingine kushoto." Akauliza liende wapi. "Hapo mlipo. Nyumbani kwa Felista." "Linafika leo, mama," akasema.

Lilifika kabla yangu. Uwanja ulijaa watu, wengine wa kanisani kwake, wengine wenye baibui waliotoka Kisarawe kwa gari la kukodi, na mashada ya duara yamepangwa ukutani, yote mazuri, yote kazi ya duka lake. La kwangu liliwekwa juu ya jeneza, limelala kwa urefu. Pembeni yangu alisimama mwanamke mnene mwenye mabinti wawili warefu kuliko yeye. Zuhura. Bibi yake alishatangulia, na kabla hajaondoka alimwambia kila kitu, utepe na kijiko na ngata. Wanaume wakainua jeneza, wakalipitisha mlangoni, na harufu ikatufikia sisi kwanza. Zuhura akanishika mkono.

"Dada Sabina," akasema, "anatoka."

Akapiga kigelegele. Watu wakageuka. Halafu akina mama wa kwaya wakakipokea, Mama Mapambo na uzee wake akakipokea, mimi nikakipokea, na tukamtoa Felista nje mchana kweupe, kama anavyotolewa mwali.